Majina ya Nchi Yetu, Tokea Bweri hata Mlima Chamuriho

Katika kijitabu hiki cha Jubilei wengine wamekwisha kuandika habari za watu na za kazi zao. Sisi tumepewa fungu dogo, nalo ni habari za nchi yenyewe: vijiji, vilima, mito na ziwa. Labda msomaji atauliza, Ya nini kuandika habari za vilima ambavyo kila mtoto wa Bweri huviona afunguapo mlango asubuhi? Jawabu letu ni hili: kilima huonekana kwa macho, bali jina lake halionekani, nalo ndilo lipoteapo kwanza. Mvua haiwezi kuliondoa jabali, lakini jina la jabali hukaa kinywani mwa mzee, na mzee huyo akizikwa, jina huenda naye kama hapana aliyelipokea.

Bweri ni mlango wa Musoma. Mtu ajaye kwa gari kutoka Mwanza au kutoka Sirari huiacha njia kuu pale Makutano, akashika njia ielekeayo ziwani, na kabla ya kuingia mjini hufika Bweri penye stendi ya mabasi. Wapiga debe hulitaja jina hilo mara mia kwa siku, hata wageni wengi wamedhani kwamba Bweri ni stendi tu, wala si zaidi. Walakini jina hili lilikuwapo kabla ya gari la kwanza kupita hapa, kama yalivyokuwapo majina ya jirani zake, Buhare na Nyakato na Rwamlimi.

Wenye nchi hii ya kando ya ziwa ni Wakwaya, nao huiita Bukwaya. Mji wa Musoma umekaa juu ya ulimi wa nchi uingiao majini, na wazee hutufundisha kwamba hiyo ndiyo maana ya jina lenyewe: omusoma ni nchi iliyochomoza ikaingia ziwani, yaani rasi. Basi jina la mji huu si jina la mtu wala la mtawala, bali ni sura ya mahali kama aionavyo mvuvi akiwa mtumbwini. Aliyeipa Musoma jina lake aliitazama kutoka majini, si kutoka barabarani. Juu ya ulimi huo ndipo kiliposimama kilima cha Mukendo chenye majabali yake makubwa, yaliyopangana kama kwamba mtu aliyapanga kwa mkono. Na majabali ya namna hiyo utayaona nchi nzima, tangu Makoko hata Nyegina na Majita.

Sasa twaomba msomaji asichoke, kwa maana tutasema habari kidogo za sarufi. Tazama majina haya: Mwigobero na Mwisenge, yaliyo katika mji wa Musoma, Mwitongo, kule Butiama, Mwibara, katika nchi ya Bunda. Kisha tazama haya: Kwibara, karibu na Mugango, na Kwikuba, katika vijiji vya Musoma. Yote yaanza kwa Mwi au Kwi. Je, ni bahati tu? Sivyo. Kiswahili nacho kina milango mitatu ya mahali, nasi husema nyumbani pangu, nyumbani kwangu, nyumbani mwangu. Tofauti ni kwamba Kiswahili huonyesha mahali kwa ile -ni iliyo mwisho wa neno, bali lugha zetu huonyesha mahali kwa kuanzia neno kwa mu au ku. Kwa hiyo Mwibara na Kwibara, yaliyo mbali mbali katika nchi, yafanana katika yote ila mlango: moja lasema ndani, la pili lasema upande wa huko.

Mfano ulio mzuri kuliko yote ni Mwitongo. Itongo ni mahali palipokuwa na mji wa watu, kisha watu wakahama, pakabaki mawe ya meko, na majivu, na udongo mzuri wa kulima. Mwitongo basi ni mahali pa itongo. Sasa twende pwani ya bahari ya Hindi. Kusini ya Tanga kuna magofu ya kale, msikiti na makaburi ya mawe, na mahali hapo huitwa Tongoni, maana yake ni penye mahame. Tongoni na Mwitongo ni jina moja! Watu wa pwani walitia alama ya mahali mwishoni, Wazanaki wakaitia mwanzoni. Na kati yao kuna mwendo wa siku nyingi, na hapana anayesimulia kwamba Wazanaki walikwenda Tanga kujifunza kuita mahame. Neno hilo walilirithi wote kwa mababu walio mbali sana. Kitabu cha habari za Wabantu kimeandikwa katika kibao kimoja cha njiani, na magari hupita pale bila kusimama.

Mwigobero ndiko kwenye mwalo, mitumbwi hushusha samaki na mizigo hapo. Katika Kiganda, lugha ya ng'ambo ya ziwa iliyo ndugu na lugha zetu, kugoba ni chombo kufika nchi kavu. Twadhani msomaji amekwisha kufahamu.

Kuna namna nyingine tena ya majina, nayo ni ile ya Bu: Bukwaya, Bukiroba, Buhemba, Butiama, Bunda, Buhare, na Bweri pia yaanza kwa sauti hiyo. Bu ya kwetu ni ndugu ya U ya Kiswahili. Bukerewe ya wenyewe ndiyo Ukerewe ya Waswahili. Buganda nayo ilipotajwa na wafanya biashara wa pwani ikawa Uganda, na jina hilo la vinywa vya wageni leo ni jina la dola nzima. Si kila jina la Bu ni jina la nchi ya kabila, lakini ni mengi. Hali kadhalika majina ya lugha zenyewe. Mjita husema Echijita, Mkuria husema Igikuria, na Kiswahili kimezikata kichwa zote, zikawa Kijita na Kikuria. Hatulalamiki, maana kila lugha ina desturi yake ya kuvalisha wageni nguo zake. Twataka tu ijulikane kwamba nguo si mwili.

Husimuliwa kwamba Majita yenyewe lilipata jina lake kwa njia hiyo. Katika nchi ile, kusini ya Musoma, umesimama mlima Masita, nao huonekana toka mbali kwa wavuvi walio ziwani. Na masimulizi ya wenyeji ni kwamba Wadachi walipotaka kuutaja, ulimi wao ukateleza, Masita ikawa Majita, na jina la kosa likashika. Wadachi hao hao waliandika Mwanza kuwa Muansa, na Shirati kuwa Schirati. Majina haya yalirudishiwa sura yake baadaye, lakini Majita halikurudi, na watu wake wamelipenda, wamelifanya lao. Basi jina la kosa nalo laweza kuwa la kweli, likikaa muda wa kutosha katika kinywa cha watu.

Kosa la ziwa ni la namna nyingine. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke, Mwingereza, alifika kando ya maji haya karibu na Mwanza, akayapa jina la malkia wake, Victoria. Hakulikuta bila jina. Wafanya biashara Waarabu walikuwa wakiliita ziwa la Ukerewe; Waganda huliita Nalubaale; Wajaluo huliita Nam Lolwe; na watu wa kusini walisema Nyanza, yaani maji makuu. Speke mwenyewe alilishika hilo la Nyanza, akaliweka baada ya jina la malkia, na kwa muda mrefu ramani ziliandika Victoria Nyanza. Kisha Nyanza ikaachwa katika ramani nyingi, likabaki jina la malkia peke yake. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua yake, akipita pwani hii yetu, na mwaka 1892 akaja Oscar Baumann wa Austria. Ndiyo sababu mtu wa Mwibara leo ana Ghuba ya Speke upande wa kusini na Ghuba ya Baumann upande wa kaskazini. Amekaa katikati ya wageni wawili waliokwisha kwenda zao.

Ziwa lenyewe halina habari na majina hayo. Limekaa juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 1,134, na upana wake wote ni kilomita za mraba 68,800 hivi, walakini kina chake ni kidogo kwa ziwa kubwa namna hiyo, karibu mita 80 tu mahali palipo na kina kirefu. Kwa kuwa ni kama sinia pana, mvua zikizidi hufurika kwa mara moja. Tangu mwaka 1961 hata 1964 maji yalipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 yakapanda tena sana, yakaingia katika mashamba na nyumba za kando. Mtu aandikaye habari za mialo na mawe ya pwani hana budi kukumbuka hayo: mahali palipotajwa na babu pengine leo pana samaki. Na hao samaki nao wamebadilika. Furu, wale samaki wadogo walioliwa kila siku, walikuwa wa aina zaidi ya 500 katika ziwa hili. Tangu sangara waletwe katika miaka ya 1950 na 1960, na hasa tangu miaka ya 1980, aina nyingi zimekwisha kabisa. Jina la samaki asiyevuliwa tena halina mtoto wa kulirithi.

Katika mito yetu mkubwa ni Mara, nao ndio uliolipa jina jimbo letu zima. Watoka katika misitu ya Mau katika nchi ya Kenya, wapita mbuga za Wamasai na Serengeti, kisha hujitawanya katika kinamasi kikubwa cha matete, na baada ya mwendo wa kilomita 395 hivi wapita chini ya daraja la Kirumi na kuingia katika ghuba iliyo kaskazini ya Musoma. Kusini kuna Suguti, na mbele zaidi Rubana na Grumeti, iingiayo Ghuba ya Speke. Hii hatutasema habari zake zaidi, isipokuwa kwamba mito ilikuwa mipaka ya makabila kabla ya serikali yo yote kuchora mipaka.

Tuingie bara sasa. Toka Bweri hata Butiama si mbali kwa gari, bali kwa miguu ni safari ya siku nzima. Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi wa Wazanaki, umri wake miaka 12, aliletwa toka Butiama kusoma katika shule ya Mwisenge, mwendo wa maili 26 kama isemwavyo. Mtoto huyo alikuwa Kambarage, mwana wa Nyerere Burito. Habari zake zajulikana na dunia nzima, nasi hatutazirudia. Twataka kutazama majina tu. Kambarage ni jina la pepo wa mvua, maana mvua ilinyesha siku aliyozaliwa, tarehe 13 Aprili 1922. Nyerere ni viwavi, kwa sababu babaye alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi. Ndivyo Wazanaki walivyoandika tarehe zao: si kwa karatasi, bali kwa kumwita mtoto. Jina la tatu, Julius, alilipata kwa ubatizo katika misioni ya Nyegina mwaka 1943. Misioni hiyo ilianzwa na Mapadre Weupe mwaka 1911, na kilima chake ni alama ya njia kwa kila mtu atokaye Musoma kwenda Mugango.

Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, alirudishwa kuzikwa Mwitongo. Huko ndiko nyumbani kwake, na mawe makubwa yako pale, na nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka huo huo wa 1999, na karibu upo msitu wa Muhunda ambao Wazanaki tangu zamani huuheshimu, hawaukati ovyo. Twajua kwamba wageni wafikao Mwitongo husomewa habari nyingi za siasa. Ingefaa waambiwe pia maana ya neno mwitongo, kwamba mtu aliyejenga taifa alizaliwa na kuzikwa mahali paitwapo mahame.

Hapa kuna jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya. Mtu huyu, ambaye lugha ya mamaye ilikuwa mojawapo ya lugha ndogo za nchi hii, ndiye aliyekiinua Kiswahili kuliko mtu mwingine wo yote. Yeye mwenyewe alifasiri Shakespeare kwa Kiswahili, na tangu mwaka 1967 shule zote za msingi za serikali zikafundisha kwa Kiswahili. Katika nchi yenye lugha zaidi ya 120, na katika jimbo la Mara peke yake zaidi ya kumi, hakuna awezaye kusema kwamba alifanya vibaya. Bila Kiswahili sisi wenyewe tusingeweza kuandika maneno haya na kusomwa na Mkuria, Mjaluo, Mjita na Mzanaki kwa pamoja. Walakini faida hiyo ina bei, na bei yake yalipwa kidogo kidogo, nyumba kwa nyumba. Mtoto wa Bweri leo husema Kiswahili uani, sokoni na shuleni; akienda kwa bibi yake siku za likizo, bibi humsemesha Kikwaya, naye hujibu kwa Kiswahili. Mazungumzo hayaharibiki. Lakini mtoto huyo akimzaa mwanawe, nani atamsemesha?

Ya kuwa lugha yaweza kwisha kando ya ziwa hili si maneno ya kuogofya watu bure. Tazama Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, katika nchi ya Kenya. Walikuwa Wabantu kama sisi. Walioana na Wajaluo, wakafanya biashara nao, watoto wao wakasoma kwa Kijaluo, na baada ya vizazi vichache Kijaluo kikashika nyumba zao. Hata wengi wajiitao Wasuba leo hawana Kisuba. Hapakuwa na vita wala amri. Visiwa vipo, na watu wapo, na ukoo wanaujua. Kilichoondoka ni ule ufunguo wa majina.

Baada ya Butiama njia yarudi upande wa kusini hata Bunda, mji wa njia panda, ambapo mtu aweza kushika njia ya Kisorya akavuka kwa kivuko kwenda Ukerewe. Mji wenyewe ni wa biashara, wala hatukai hapo. Twapenda kufika kwa Waikizu, kwenye mlima Chamuriho.

Chamuriho ni jina lenye mtu ndani yake. Waikizu husimulia habari za Muriho, babu shujaa wa zamani za kale, aliyekuja akawafukuza waliokuwako na kuikalisha nchi. Na mlima ni wake, Cha-Muriho. Husimulia tena habari za Nyakinywa, mwanamke mwenye mvua, aliyetoka Kanadi katika nchi ya Wasukuma. Kwake ndiko walikotoka watemi wa Waikizu, na kazi yao ya kwanza ilikuwa ni mvua, si kodi wala hukumu. Msomaji atasema, Hizo ni hadithi. Naam, lakini hadithi hizi hazielei hewani kama hadithi za sungura. Kila mahali zina mahali: alipita hapa, akalala katika pango hili, akanywa katika chemchemi hii. Mzee wa Kiikizu au wa Kinata akiulizwa historia ya watu wake hakuanzi kuhesabu miaka, bali huhesabu mahali, mahame kwa mahame, tangu lile la mababu hata lile alilozaliwa yeye. Mwalimu mmoja wa historia kutoka Marekani, Jan Bender Shetler, alikaa na wazee wa Mara ya kusini miaka mingi, na mwaka 2003 akatoa kitabu cha historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Ametuonyesha wazi jambo hili: nchi ndiyo kitabu chao, na majina ndiyo maandiko yake.

Lakini kitabu hicho kimefungwa kurasa nyingine. Mbuga ya Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na upande huu wa magharibi kuna mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Ndani ya mipaka hiyo yamo mahame ya kale ya Waikoma, Wanata na Waishenyi, pamoja na mahali pa emisambwa, yaani pale walipokwenda kuwakumbuka mababu na kuomba mvua na afya. Sisi twajua faida ya hifadhi, na wanyama wale ni sifa ya nchi. Walakini mtu asiyeruhusiwa kufika penye mahame ya babu yake hawezi kumwonyesha mwanawe kwa kidole, na pasipoonyeshwa kwa kidole, jina hubaki sauti tu. Kisha mwaka 1974 watu wengi wa jimbo letu walihamishwa kutoka katika miji yao iliyotawanyika wakakusanywa katika vijiji. Waliacha nyuma matongo mengi, na kila tongo lilikuwa na jina lake.

Twaomba ruhusa kutoka nje ya nchi yetu kidogo, kwa sababu haya yaliwapata na wengine, nao wakafanya jambo. Katika nchi ya Ireland, upande wa magharibi ulio kando ya bahari kuu, kuna sehemu ambazo watu bado husema Kiairishi, lugha ya zamani ya kisiwa kile. Nchi yao nayo ni ya mawe, maziwa na visiwa vidogo. Waingereza walipowatawala walichora ramani ya kisiwa kizima tangu mwaka 1824, na majina yote yakaandikwa kwa sauti za Kiingereza: baile, maana yake mji wa watu, ikawa Bally, cnoc, maana yake kilima, ikawa Knock. Jina likabaki, maana ikafa, sawasawa na Masita na Majita. Lakini palikuwa na mtu mmoja katika kazi ile, John O'Donovan, Mwairishi mwenye kuijua lugha, naye alizunguka wilaya kwa wilaya, kwa miguu mara nyingi, akiwauliza wazee wa kila mahali walitajaje jina na lina maana gani, akaandika yote. Barua zake zipo hata leo. Na kwa sababu ya kazi kama hiyo, serikali ya Ireland iliweza kutoa amri mwaka 2004 kwamba katika sehemu zile za Kiairishi majina ya asili ndiyo yatakayokuwa majina ya sheria, na katika vibao vya barabarani vya huko yameandikwa hayo peke yake. Hatusemi kwamba watu wote walifurahi. Mji mmoja wa utalii ulishindana na serikali miaka kadhaa kwa ajili ya jina lake. Twasema tu kwamba jina liliweza kurudi, kwa maana liliandikwa na mtu aliyeuliza kabla wazee hawajafa.

Hapa kwetu majina mapya yanazaliwa kila mwaka, nayo si mabaya. Mshikamano ni kata ya Musoma, jina la Kiswahili, lenye maana njema na wazi. Makutano ni Makutano. Miaka mia ijayo mtu ataweza kusema, Waliokaa hapa walikuwa watu wa makabila mengi, wakataka kupatana, wakaita mtaa wao Mshikamano. Naye atakuwa amesema kweli. Jina jipya nalo ni historia. Shida ni pale jina jipya liandikwapo juu ya la zamani bila mtu kuuliza la zamani lilikuwaje. Jabali lililopasuliwa kokoto, chemchemi iliyozibwa chini ya nyumba, mti uliokuwa kituo cha wasafiri wa Nyegina kabla ya barabara: hivyo vyote vilikuwa na majina, na majina hayo hayamo katika ramani yo yote.

Kwa hiyo tumewaomba vijana wetu katika mwaka huu wa Jubilei wafanye kazi isiyohitaji fedha. Kila mmoja achukue daftari, aende kwa mzee wa mtaa wake au wa kijiji cha babu yake, iwe Bweri au Etaro, Mugango, Bukiroba au Ikizu, atembee naye ikiwa miguu ya mzee bado ina nguvu, na aandike majina ya mahali padogo padogo: vilima, mawe, mialo, visima, vivuko vya mito, matongo na njia za zamani. Aliandike jina kama mzee alitamkavyo, asilisahihishe kwa Kiswahili. Kama ni Abhajita aandike bh, maana sauti hiyo ni yao na Kiswahili hakinayo. Aulize maana, na mzee akisema maana mbili, aandike zote mbili. Aulize tena ni nani aliyekaa hapo na alihamia wapi. Mwisho wa ukurasa aandike jina la mzee aliyemwambia, ukoo wake, na tarehe.